Upawa wa Sista Heilwig

Katika monasteri yetu ya Mierdonk, masista wa kwaya huimba zaburi kwa Kilatini, na masista wa kazi husali Baba Yetu huku mikono yao imo kwenye unga. Sista Heilwig alikuwa wa kazi. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa mjini, na kwao hawakulala njaa. Njaa yake ilikuwa nyingine. Tangu utotoni alitamani Komunyo Takatifu kuliko mkate wa mezani, akaja kwetu akiamini kwamba hapa angeshiba.

Hakushiba. Masista wa kazi hupokea Komunyo kwenye sikukuu kubwa tu, nazo zimeachana sana. Kwa hiyo Heilwig aliisubiri kila sikukuu kama mgonjwa anavyosubiri kupambazuke. Mkesha ulipofika alifunga mapema, maana mwenye kukomunika hatakiwi kuingiza chochote kinywani tangu usiku wa manane, hata tone la maji.

Asubuhi ya Pasaka chungu cha samaki mkunga kilikuwa motoni kabla ya Misa. Heilwig akakoroga, akachota kwa upawa, akapuliza, akaonja. Ndivyo mkono wake ulivyokuwa umefanya kila siku tangu apewe jiko.

Upawa ukamponyoka.

"Bele," alisema, "nimeonja."

Sista Bele, mjane mnene aliyemsaidia jikoni, alitazama mlango kwanza. "Umeonja nini? Mimi sijaona mtu akionja."

"Nimemeza, Bele."

"Tone moja la mchuzi! Wewe nawe! Unadhani Mungu siku ya kufufuka anahesabu matone ya supu? Futa mdomo, twende kanisani."

"Siwezi kwenda kwa Bwana na uongo mdomoni."

"Basi ungepika vibaya, usionje," Bele akafoka, huku machozi yakimlengalenga. "Pasaka nzima inakwenda na mkunga!"

Heilwig alimweleza Padre Gossuin, na padre akamjibu kwamba sheria ni sheria, angoje Pentekoste. Wenzake walipopanga mstari mbele ya dirisha dogo la Komunyo, yeye alibaki amepiga magoti nyuma ya nguzo. Hakulia. Bele anasema alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kama mtu anavyomtazama mbwa aliyeiba nyama.

Kesho yake aliamua kuufundisha mkono huo. Hataonja kitu mpaka Pentekoste, ili mazoea yafe.

Tuliumia. Siku moja njegere zilikuwa chumvi tupu, siku ya pili hazina ladha hata kidogo. Kwa kuwa mezani hatusemi, tulilalamika kwa ishara za vidole, na meza nzima ilionekana kama watu wanaofukuza nyuki. Hatimaye Sista Klemensia alisimama katika mkutano wa asubuhi, ambapo masista hukiri makosa yao na kushtakiana. Klemensia ndiye mwenye kujaliwa maono kwetu. Akikomunika huanguka kifudifudi, na akiinuka husimulia nuru na mioyo inayowaka.

"Namshtaki Sista Heilwig kwa kiburi," alisema. "Anautafuta utakatifu kwa matumbo yetu."

Masista wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Heilwig alilala kifudifudi sakafuni, kama ilivyo desturi ya anayeshtakiwa.

"Inuka," alisema Mama Abesi. "Kuanzia leo utaonja. Ni amri."

"Mama, mkono ukizoea tena, Pentekoste itanipita."

"Utii kwanza. Lakini asubuhi ya Pentekoste sitakuamuru kitu. Siku hiyo mkono wako uulinde mwenyewe."

Heilwig akatii. Njegere zikarudi kuwa njegere, na mkono ukarudi kwenye uhuni wake.

Asubuhi ya Pentekoste alichukua kitambaa cha kitani, akakikunja mara kadhaa, akamwambia Bele amfunge mdomo, fundo lije kisogoni.

"Unafanana na maiti anayesubiri jeneza," Bele alisema.

"Kaza."

"Nikikaza utakufa kweli."

"Kaza, Bele!"

Chungu kilichemka. Heilwig akakoroga, akiwaza mengine, na mkono ukachota, ukapanda, ukagonga kitani. Mchuzi ukamwagika kidevuni na kuchuruzika mpaka kwenye shela yake nyeupe. Wote wawili walisimama wakitazamana, kisha Bele akacheka mpaka akashika meza.

Kengele ikalia. Hapakuwa na muda wa kubadili shela. Heilwig alifunguliwa kitambaa, akaingia kanisani na doa lake la manjano, akapanga mstari. Klemensia aliliona doa hilo, akamwonyesha padre kwa kidole.

Padre Gossuin akazuia mkono wake dirishani. "Mwanangu, umeonja tena?"

Kila mtu alisikia jibu, maana Heilwig hakunong'ona.

"Mkono umejaribu, Padre. Mdomo ulikuwa umefungwa."

"Nani shahidi?"

Bele alitoka kwenye mstari wake bila ruhusa, akachomoa kitambaa mkononi mwa joho, akakiinua juu. Kilikuwa kimelowa upande mmoja tu. Upande uliokaa mdomoni ulikuwa mkavu.

Padre alikigusa kitambaa huku na huku. "Sijawahi kukagua kitu kama hiki," akasema. Akampa Komunyo.

Alasiri, saa ya kuruhusiwa kuongea, Klemensia alikuja mlangoni pa jikoni. Alikuwa akichezea rozari yake.

"Nisamehe, Sista. Kwa kidole kile."

"Yamekwisha."

"Niambie basi. Baada ya kungoja kiasi hicho, uliona nini?"

Heilwig alikuwa akisugua chungu. Aliinua kichwa, akafikiri kwa dhati, kama mtu asiyetaka kumdanganya mwenzake.

"Sikuona kitu," alisema. "Nilikuwa na njaa, nikala."

Klemensia aliingia, akakunja mikono ya joho lake, akachukua kitambaa na kuanza kukausha vyombo. Heilwig akamsogezea bakuli.