Nyama Niliyomlisha Mdogo Wangu

Ndugu zangu, msinitafutie sababu. Nilifanya kusudi. Nilimdanganya mdogo wangu wa tumbo moja, nikamlisha kitu ambacho dini yake inamkataza, kisha nikasimama mbele ya watu nikamtangaza. Mengine yote nitakayoeleza hapa ni namna yalivyotokea tu.

Jina langu silitaji. Bukavu si mji mkubwa, na sisi wa Kadutu tunakaa juu ya mlima, ukikohoa usiku jirani wa chini anakuuliza asubuhi umeamkaje. Yatosha mjue kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane bila mtoto. Kazi yangu ni kuwaambia watoto hii sawa, hii kosa. Nimeifanya kwa miaka mingi mpaka nikadhani hata watu wazima wananingoja niwasahihishe.

Baba yetu alikuwa mwashi. Alikuwa Mkatoliki wa misa kila Jumapili, lakini mafundi wenzake wengi walikuwa Waislamu waliotoka Maniema. Alijenga nao, alikula nao. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na desturi moja, na familia nyingi za hapa zinaijua: kukiwa na sherehe au kilio, mnyama anachinjwa na Mwislamu. Sisi Wakristo nyama hiyo haitudhuru, wao wakiikuta wanaila kwa amani. Baba hakuwa na hotuba ndefu juu ya hilo. Alikuwa akisema, "Miye sitaki sufuria mbili mu nyumba yangu," basi, anamwita mmoja wao ashike kisu.

Mdogo wangu tulibatizwa naye kanisa moja. Yeye aliitwa Anjela. Alipokua akapendana na Saidi, mtoto wa mmoja wa wale mafundi, kijana aliyekuwa akiuza bikwembe, yaani vitenge, sokoni. Akasilimu, akaolewa, akaitwa Zaina. Baba akasema kijana ana adabu. Tangu siku hiyo kisu cha sherehe zetu kikawa cha Saidi.

Mimi ndoa ile niliikataa. Nilikuwa nimeingia katika kikundi cha sala, na jamani, ule moto! Kiongozi wetu alikuwa mtu wa sauti nzuri, alijua kila kitu. Alijua nani ataokoka na nani hataokoka, alikuwa akiwataja kwa majina. Nilimpenda kwa sababu alikuwa na majibu. Nilikuwa nikirudi nyumbani kichwa kimetulia kabisa, sina swali hata moja. Leo ninajua kwamba hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Na tena sikilizeni ujinga wangu. Ilikuwa miaka ile serikali ilipotuambia majina ya ubatizo ni ya kizungu, tuyaache. Siku niliyolazimishwa kuandika jina jipya kazini nililia kama mtoto. Nilisema, mtu gani huyu wa Kinshasa anayekuja kuniambia mimi ni nani? Mama akawa ananiita jina langu la zamani jikoni, kwa sauti ndogo, ili kunifariji. Lakini mdogo wangu akija kututembelea, mimi huyo huyo nilimwita Anjela, kwa nguvu, mbele ya mume wake. Aliitika kila mara. Sikuona kwamba ananivumilia.

Kisha Baba akafa.

Kilio chetu kilijaa watu. Mafundi walikuja, wanakikundi walikuja, Zaina na Saidi walilala chini pamoja nasi siku zote za matanga. Mjomba wetu wa Mumosho akaleta ng'ombe wa kuondoa matanga. Siku ya mwisho Zaina na Saidi walikwenda kwao asubuhi kuoga na kubadili nguo. Saidi aliacha kisu chake kwa Mama, akasema anarudi mara moja kuchinja.

Sikumngoja. Nilimwita kiongozi wetu wa sala, naye akachinja. Mama alikuwa ndani na wajane wenzake, hakuona. Wapishi waliona, lakini nani angembishia mwalimu?

Saidi aliporudi akakuta nyama iko motoni. Hakukasirika. Zaina ndiye aliyenijia, amejifunga kikwembe chake cheusi, macho yamevimba kwa kulia.

"Dada, ile ngombe nani alichinja?"

"Mutu yenu," nikamwambia. "Alipita hapa mapema. Kuleni bila wasiwasi."

"Aksanti, dada. Mungu akubariki."

Mungu akubariki! Alinibariki, akaenda akakaa, akamtilia mume wake nyama, akatia na yake, wakala. Niliwatazama wakila. Sitawaficha, nilifurahi. Nilihisi kama ninavyohisi mtoto wa darasani anapoingia mwenyewe katika kosa ambalo nilimwonya.

Ulipofika wakati wa maneno ya kuaga, mimi kama mtoto wa kwanza nikasimama. Nikashukuru watu. Kisha nikasema leo Baba ametufundisha jambo. Nikasema kuna watu hapa waliofungwa miaka mingi na sheria za vyakula, na leo wamekula nyama iliyochinjwa na mtu wa sala, na tazameni, wamekaa, hawakuanguka, hawakufa. Nikasema, "Mungu wetu ni mumoja na amewaonyesha!" Nilingoja watu wapige makofi.

Hakuna aliyepiga. Hata wanakikundi wenzangu waliinamisha vichwa. Mafundi wazee, marafiki wa Baba, waliweka sahani chini mmoja mmoja. Mmoja wao aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akitapika.

Saidi aliomba maji, akasukutua kinywa. Akaenda mpaka kwa Mama, akapiga magoti akamwambia, "Mama, pole sana na papa. Sisi tunaenda." Zaina ndiye aliyekuja kusimama mbele yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa na mistari ya Biblia tayari mdomoni.

"Dada," akasema, "si nilikuuliza weye?"

Kisha akamfuata mume wake, wakashuka mlima. Mistari yangu yote nilibaki nayo.

Hawakurudi. Baadaye tukasikia Saidi ameuza kibanda chake sokoni na wamehamia Kamanyola, kule chini kwenye tambarare ya Ruzizi. Nikajiambia, vizuri, nyumba imetakasika. Mama alikuwa hasemi nami ila ya lazima, chumvi iko wapi, mlango umefungwa. Siku moja nikamkuta anafunga nguo zake katika kikwembe. Nikamuuliza anakwenda wapi. Nikaanza kumweleza kwamba nilichofanya kilikuwa kweli, kwamba kweli inauma, kwamba siku moja Zaina atanishukuru.

"Kama weye uko na haki," Mama akaniambia, "ubakie nayo humu mu nyumba. Miye naenda kwa Zaina."

Akapanda camion, lori la mizigo, akaenda. Mama yangu mzee, wa rozari kila jioni, akaenda kukaa katika nyumba ya Mwislamu, akaniacha mimi na haki yangu.

Mnadhani nilimfuata? Nilikuwa na kiburi kirefu kuliko ile barabara. Nilisema akikosa misa atarudi mwenyewe. Na yule kiongozi wetu, tukiwa bado tunamsikiliza, siku moja akatoka akaingia kanisa jingine, akaanza kutangaza kwamba sisi wa rozari ndio tunaoabudu sanamu. Alinitaja na mimi katika watakaochomwa. Alinitaja kwa sauti ile ile nzuri aliyowatajia wengine! Nilicheka siku hiyo, lakini kicheko kilikauka. Nilikaa katika nyumba ya Baba, vyumba vyote vyangu, napika kasufuria kadogo kamoja.

Habari ya kifo cha Mama ilinifikia imechelewa, mvua zilikuwa zimeharibu barabara. Nikaondoka hivyo hivyo. Sikujua niende na nini mkononi. Nyama? Niliogopa hata kulitaja neno lenyewe. Nikafikiri sana, nikachukua kuku mzima, kuku wangu mzuri wa uani, nikamfunga miguu, nikamtia kapuni. Nilijiambia, nikimpeleka mzima watamchinja wao wenyewe kwa mikono yao, hakuna atakayekuwa na wasiwasi. Njia yote ya kuteremka nilimpakata, camion inaruka juu ya mawe, na mimi ninapanga maneno ya kuomba msamaha.

Nilikuta wamekwisha kuzika. Zaina amezeeka, amenenepa kidogo, anafanana na Mama. Alinikumbatia. Akanipeleka kaburini, na pale nikaona msalaba. Msalaba wa mbao, umepakwa chokaa, na jina la ubatizo la Mama.

Nikamuuliza imekuwaje. Akanieleza kama mtu anayeeleza habari za soko. Mama alipozidiwa, Saidi alitembea kwa miguu katika mvua mpaka kumpata katekista. Alimleta, akamwekea kiti kando ya kitanda, akatoka nje ili wasali kwa nafasi. Na mazishi ni hivyo hivyo, Saidi ndiye aliyepigilia misumari ya msalaba.

"Mama alikuwa mukristu," Zaina akasema. "Tungemuzika namna gani tena?"

Hapo ndugu zangu nilitegemea nitalia. Sikulia. Kifua kilikufa ganzi kama mguu ulioukalia muda mrefu, na mpaka leo ninapoandika hakijaamka. Watu wa kule waliniona mtu mgumu.

Walinipikia wali na ndagala, dagaa wa ziwani. Saidi alinikaribisha kwa heshima, akaniita shemeji. Nilikula kila walichoniwekea, sikuuliza kitu, na wala halikunijia wazo la kuuliza. Baada ya kula niliomba msamaha. Yale maneno niliyoyapanga njiani yalipotea, nikasema tu nilikosa. Zaina akasema yamekwisha. Nikamwonyesha kuku pale mlangoni, nikasema mtamchinja wenyewe.

Asubuhi nilipokuwa nangoja camion ya kurudi, Zaina akaja nalo lile kapu. Kuku ndani, mzima, miguu amefunguliwa, amepewa na maji.

"Dada, aksanti. Lakini rudi naye."

Nikamwambia, "Zaina, iko muzima. Sikuifanya kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Zaina. Nadhani alisikia, maana alinishika mkono.

"Najua iko muzima. Lakini kitu yote yenye inatoka kwako, miye najiuliza. Niko nayiangalia, najiuliza. Batoto bangu nao bataniuliza. Kusamehe, nilisamehe zamani, dada. Kula ndiyo siwezi."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningeweza kujitetea. Alinisaidia kupanda, akaniwekea kapu miguuni, akasimama pale akipunga mkono mpaka tulipoanza kupanda mlima.

Basi. Ninyi mnaosoma, mliotoka kwenye sala zenu na vichwa vimetulia kama changu kilivyotulia, nawaombeni. Mtu akikuuliza, mwambie ukweli, umwache achague. Akikuambia Mungu wake amemkataza kitu, usimjaribu ili uone kama ataanguka. Hataanguka. Atasimama, atasukutua kinywa, atakwenda, na mama yako atamfuata. Na ikitokea umeshinda, utakaa peke yako katika nyumba kubwa.

Kuku yule yuko hapa uani mpaka leo, ameshatotoa. Watoto wa shule wanaopita wananiuliza, mwalimu, mbona humuchinji? Jioni nammwagia mahindi, anakuja mbio mpaka miguuni. Katika watu wa nyumba ya Baba, ndiye peke yake aliyebaki anayekula kitu kutoka mkononi mwangu bila kujiuliza.