Siwezi, Sijaweza

Harufu ya kuni mbichi za mkaratusi hunirudisha mara moja katika jiko la Shangazi Atu, nje kidogo ya Iringa kwenye barabara ya Tosamaganga, moshi ukiniwasha macho na baridi ya Juni ikiniuma vidole. Nilikuwa nimeletwa kutoka Mbeya kukariri darasa la nne baada ya kufeli hesabu. Baba alikuwa ametamka wazi kwamba nikifeli tena, shule basi, nitapelekwa kulea watoto wa watu. Kwa hiyo kila jioni nilikaa kwenye kigoda na hesabu zangu za kugawanya, na kila jioni nilitamka neno lililopigwa marufuku katika nyumba ile.

"Shangazi, siwezi."

"Hujaweza," alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Jibu hilo lilinichosha kuliko hesabu zenyewe. Nikisema sipendi mlenda, nilikuwa sijaupenda. Nikilalamika kwamba kuku wetu mweupe hatagi, alikuwa hajataga. Siku niliyolia kwamba mimi ni mjinga na yameisha, aliniuliza, "Mungu hajamaliza kazi yake, wewe umeshafunga duka?" Kisha akaomba kwa sauti, kama alivyoomba kila siku, kwamba rehema zituchipukie asubuhi kama majani ya maboga, na baada ya amina akanirudishia daftari. Kawia ufike, wahenga walisema; nadhani hawakuwahi kukawia wakiwa na Shangazi pembeni. Mwenyewe alikuwa anajifunza kushona ukubwani. Alipopewa sare za kwaya ya usharika, mkono wa kushoto aliupachika ndani nje, akafumua, akaupachika tena vilevile. "Dada Atu," wanakwaya walimcheka, "hii ni sare au gunia la viazi?" Naye akasema haijawa sare.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, kwa kusuasua lakini nimefaulu. Nilikimbia hadi nyumbani nikamkuta Mama Tuli, jirani yetu, amesimama mlangoni akizungumza juu ya mume wa Shangazi, aliyekwenda kuchimba dhahabu Makongolosi kabla sijaletwa Iringa. "Mwenzangu, acha kujidanganya. Yule mwanamume harudi."

"Hajarudi," alisema Shangazi. Sauti ilikuwa ileile aliyoitumia kwa mlenda na kuku. Nilisimama na habari yangu mdomoni, nikaona haya, hadi aliponigeukia. "Haya, sema."

"Nimeweza."

Akapiga vigelegele, na Mama Tuli akampokea.

Sasa naishi Mbeya, na kila Januari ofisi yetu hutuletea mwezeshaji mwenye kipaza sauti atufundishe kuanza upya kwa kusema "bado" badala ya "siwezi". Wenzangu hupiga makofi. Mimi huangalia saa, maana somo hilo nililipata kwa moshi na machozi, tena kwa silabi moja tu, ile "ja" ya Shangazi. Lakini anayenikera zaidi bado ni Shangazi mwenyewe. Krismasi iliyopita nilimkuta ana mvi, ana miwani, ana wasichana watatu wanaojifunza ushonaji katika chumba ambacho zamani kilijaa masururu na makarai ya mumewe. Jirani mmoja alipopita akamuulizia mzee, nikasikia neno lilelile, hajarudi, nikashindwa kujizuia.

"Shangazi, miaka yote hii! Si useme tu kwamba harudi?"

Aliweka mkasi juu ya kitambaa. Wasichana wakasimamisha vyerehani vyao.

"Kwani umenikuta nimekaa mlangoni namsubiri?" aliuliza. "Yeye hajarudi, hiyo ni habari yake na Mungu wake. Mimi mwenyewe nilishaondoka zamani."

Nilitaka kumwambia kwamba sielewi. Nikanyamaza kabla hajanisahihisha.