Kibodi ya Matundu

Baba alikuwa na duka la vifaa vya shule na ofisi mjini Singida. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa analeta anachotaka, baba mdogo alianza kututumia kompyuta za mtumba kutoka Dar es Salaam. Ndani ya boksi mojawapo tulikuta vitu ambavyo hakuna mteja aliyevitaka. Kulikuwa na kibodi ya vitufe vikubwa, iliyofunikwa bamba gumu la plastiki lenye tundu juu ya kila kitufe. Kulikuwa pia na kipanya kisichotembezwa mezani. Chenyewe kilikaa palepale na mpira mkubwa kama chungwa mgongoni. Ukiuzungusha kwa kiganja, mshale unasogea kwenye skrini.

"Kitu hujui kazi yake, usikiweke mbele ya wateja," baba alisema, akavisukuma chini ya meza.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Nikijaribu lile bamba niliona kwamba mkono mzima unaweza kulala juu yake bila kubonyeza chochote, mpaka kidole kiingie kwenye tundu. Nikamfikiria dada.

Dada yangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakutembea, hakusema, na mikono yake ilikakamaa na kuruka bila yeye kutaka. Alishinda sebuleni kwenye kiti chenye mito. Tangu nikiwa shule ya msingi nilikuwa nasomea ubavuni mwake, kitabu kikiwa mbele yetu sote, kwa sababu nikisoma kwa sauti alitulia. Hakuna aliyedhani kwamba anajifunza. Hata mimi sikudhani.

Nilimwomba baba kompyuta moja iliyokosa mnunuzi, nikaifunga sebuleni pamoja na ile kibodi. Mwanzoni dada alikuwa anabonyeza tu, herufi zinatiririka. Halafu alasiri moja, kwa kuhangaika sana, aliandika: sitaki uji.

Mama alisoma, kisha akanitazama mimi, si yeye.

"Umeandika wewe."

"Si mimi, mama."

"Miaka yote anakunywa uji wangu. Hajaukataa hata siku moja."

"Angeukataaje?"

Baba alipoambiwa alinishuku zaidi ya mama. Aliona namtumia mgonjwa ili kompyuta isirudi dukani. "Toka nje," aliniambia. "Simama pale kwenye kamba ya nguo, nikuone." Nilisimama. Kupitia dirishani niliona mgongo wake umeinama karibu na kiti cha dada. Alimwuliza jambo, akasubiri, akasubiri tena. Alipotoka alichukua birika akaenda kutawadha, na adhana ilikuwa bado. Amekufa bila kuniambia aliuliza nini wala alijibiwa nini. Kesho yake mama alichemsha viazi vitamu, akaviponda na maziwa.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe nyumba ndiyo kwanza inaanza kuogopa. Miaka yote watu walikuwa wanaongea mbele ya dada kama vile chumba hakina mtu. Baba alipatana na wafanyabiashara wenzake pale. Shangazi alimsengenya mumewe pale. Mama mkubwa, akija kutoka Ihanja, alimwagia mama mambo yote ya ukoo palepale.

Safari iliyofuata mama mkubwa aliingia, akaiona kibodi, akasita.

"Huyu anasikia?"

"Anasikia," mama alijibu.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, nadhani."

Nikaona mama mkubwa anapekua kichwani yote aliyowahi kuyasema. Kisha akamgeukia mama, akaanza Kinyaturu kwa sauti ya chini. Dada aliuburuta mkono wake kwenye bamba. Tulingoja. Akaandika: na kinyaturu pia.

Mama mkubwa akabeba kikapu chake kwenda jikoni.

Kuanzia hapo maongezi yote yalihamia jikoni. Wageni wa baba waliishia barazani. Shangazi alimsalimia dada kwa heshima mpya, kama anamsalimia hakimu, halafu akapita haraka. Sebuleni akabaki dada, mimi na redio.

Mama mkubwa alipokuja tena, dada alianza kuandika mara aliposikia sauti yake getini. Nikaenda kumwita. Alisimama mlangoni, hataki kusogea, akasoma kwa kuunganisha herufi moja moja: nimesahau yote mama mkubwa. njoo ukae.

"Yote?" alimwuliza.

Dada akainua macho juu. Tulikuwa tumekubaliana naye kwamba hiyo ni "ndiyo".

Mama mkubwa alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani. Baada ya kikombe cha pili cha chai alikuwa anaeleza habari za mume wa mtu huko Sepuka, kwa sauti yake ya kawaida.

Alipoondoka nilimwuliza dada kama kweli amesahau.  Mwili wake wote ulitikisika kwa kicheko. Tangu siku ile nami nikaanza kuyapima maneno yangu, hata tukiwa wawili tu.