Kupanda Kabla ya Kifungo

Miaka ya tisini nilikuwa mkalimani wa mahakama, kwanza Migori, kisha Homa Bay. Watu hudhani ni kazi rahisi. Mtu anasema kwa Kijaluo au Kikuria, wewe unageuza kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, na katikati ya lugha hizo mtu anafungwa au anakwenda nyumbani. Migori nilitafsiri zaidi kesi za mpaka wa Kenya na Tanzania, za watu wa Isebania walioapa kwamba hawakujua mpaka uko wapi, na wamezaliwa juu yake. Homa Bay kulikuwa na nyavu haramu na chang'aa, ile pombe kali ya magendo.

Naikumbuka mahakama ile ya Homa Bay kwa mapenzi ambayo siwezi kuyaeleza kwa mtu aliyewahi kusimama kizimbani. Paa lilikuwa la mabati, halina dari. Mvua ikianza, hakuna anayesikia neno, kwa hiyo hakimu aliweka kalamu chini, na sote, mshtakiwa, askari, mwendesha mashtaka na mimi, tulikaa kimya tukiisikiliza kama watu wa nyumba moja. Upepo wa ziwani uliingia na harufu ya omena, dagaa wa kule, walioanikwa. Siku hizi nikisikia mvua ya nguvu juu ya bati, moyo unarudi kule bila kuniomba ruhusa.

Hakimu wetu alikuwa mtu wa Ukambani, mwembamba, mkavu wa maneno. Saa ya chai alinikaribisha ofisini kwake, na huko tulibishana, maana mimi mdomo wangu haukuumbwa kwa kutafsiri peke yake.

"Hakimu wa huruma ni hatari," aliniambia. "Leo anamwachilia huyu kwa sababu anafanana na mama yake. Kesho anamfunga yule kwa sababu hafanani naye."

"Mheshimiwa, sheria bila huruma ni ugali bila mboga."

"Na mboga bila ugali utashiba?"

Nilikunywa chai yangu kwa hasira. Alikuwa na tabia hiyo ya kukunyang'anya mfano wako na kukurudishia ukiwa umegeuzwa.

Mwaka ninaouzungumzia, chang'aa ilikuwa imepofusha watu. Kuna waliotia dawa gani sijui ndani yake, wanywaji wakalala wakiona na kuamka hawaoni. Amri ikashuka kutoka juu: wapikaji wasionewe huruma. Kila kesi ya chang'aa iliposikilizwa, mama mmoja alikuja akaketi benchi la mbele na mwanawe, mvuvi wa Mbita, kijana mwenye mabega mapana aliyeyageuza macho yake kuelekea kila sauti. Mama huyo hakupiga kelele. Alikuja tu akaketi, akitaka tumwone mwanawe.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, akaletwa mbele yetu bibi mmoja mjane kutoka upande wa Asumbi. Polisi walimkuta na mtungi jikoni. Aliposomewa shtaka alikubali mara moja, hata sikumaliza kutafsiri. Na shida yake ilikuwa hii: mwaka uliotangulia alikuwa ameletwa kwa kosa lilelile, na hakimu yuleyule akamsamehe, akamwambia mbele ya watu wote, nami nikitafsiri, kwamba akirudi tena ataingia jela. Sasa amerudi.

"Mheshimiwa, hii mama ametuzoea," mwendesha mashtaka akasema. Alikuwa inspekta mnene, mcheshi nje ya mahakama. "Na sheria ni msumeno."

Hakimu akamwuliza bibi kama ana la kusema kabla ya hukumu. Nilimtafsiria nikitarajia yale ya siku zote: mimi mgonjwa, nina wajukuu, shetani alinidanganya. Bibi akashika ukingo wa kizimba.

"Nyara," akaniambia, yaani binti yangu, "mwambie sikatai kufungwa. Lakini mimi ni mikayi. Mvua inakuja. Aniache niende kupanda, kisha nitarudi anifunge."

Nikatafsiri. Hakimu akaniangalia. "Wamfunge baada ya kupanda? Hana watoto wa kumpandia?"

Hapo ilinibidi nieleze, kwa idhini yake, jambo ambalo kila Mjaluo mle ndani alilijua. Mikayi ni mke wa kwanza, mwenye boma. Mbegu ya kwanza ya msimu huingia ardhini kwa mkono wake. Akishapanda yeye ndipo hupanda wake wenza, kisha wake za wana, kwa zamu ya ukubwa. Anayemtangulia anaiita chira nyumbani, ile laana inayokula watu polepole, na hakuna mke wa mwana atakayethubutu. Bibi akifungwa leo, boma zima litakaa limeshika majembe likitazama mvua ya jirani. Kwao hawakuwa na chakula kingine zaidi ya hicho cha shamba.

"Yeye si Mkatoliki?" hakimu akauliza. "Naiona rozari shingoni."

"Anasema padri anajua," nikatafsiri, "na padri pia anakula mahindi hayo."

Watu wakacheka. Mama wa yule kijana kipofu hakucheka.

Hakimu aliyatazama mawingu nje ya dirisha. Nilijua kwao mvua huweza kukosa msimu mzima, naye alikulia huko. Kisha akasema anaahirisha hukumu hadi Jumatatu, na mshtakiwa aende nyumbani kwa ahadi yake mwenyewe. Inspekta akasimama kupinga. "Mheshimiwa, huyu hatarudi." Hakimu akamwambia, kwa sauti ya chini, "Inawezekana."

Niliisikia vizuri sauti ile. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno nilielewa kwamba mtu yule mkavu alikuwa amemfungulia bibi mlango na kugeuza uso. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Jioni mvua ikanyesha, ya kwanza ya mwaka, nami nikalala nikimwona bibi akifukia mbegu yake, wake za wana wakimfuata, kisha yeye akijiondokea zake. Mtu akitaka kupotea, mkoa ule una njia: apande mashua Mbita aende visiwani, au avuke Isebania, na akishafika Sirare, upande wa Tanzania, kesi yake imebaki kuwa karatasi.

Jumatatu nilipofika, alikuwa ameketi kwenye ngazi za mahakama.

Nilikasirika. Nilimwendea, jambo ambalo mkalimani hatakiwi kulifanya, nikamwambia kwa Kijaluo, "Mama, umerudi kufanya nini? Hukuona umeachiliwa?"

Alinitazama kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kushika jembe. "Niliona. Na nikikimbia, nani ataanza kuvuna? Mavuno pia huanzwa na mkono wangu. Jela ina siku ya kutoka, nyara. Kukimbia hakuna."

Nikatazama miguu yake. Matope ya kwao yalikuwa bado yameganda kwenye visigino vyake.

Hakimu alipoingia na kumwona kizimbani, alikawia kuketi. Nadhani naye alikuwa na hasira kama yangu. Inspekta, ambaye Alhamisi alikuwa mkali, sasa alikuwa anapekua jalada lisilokuwa na kitu cha kupekua. Mama na mwanawe walikuwa benchi la mbele, mahali pao.

"Amepanda?" hakimu akaniuliza.

"Amepanda, Mheshimiwa. Na wake za wanawe wamepanda. Anasema amebakiza kuvuna tu."

"Mahindi ya huku hukaa shambani muda gani?"

"Mheshimiwa, hii ni korti ama ni shamba?" inspekta akanong'ona, lakini hakusimama.

"Yaliyopandwa wiki hii," nikasema, "huanza kuliwa mwezi wa saba."

Hakimu akaandika. Kisha akasema kwamba mahakama ilitoa onyo, onyo likapuuzwa, na mahakama isiyotimiza neno lake haina haja ya kuwa na paa. Kifungo: miezi mitatu. Nikatafsiri, na nilipofika kwenye miezi, bibi akahesabu kwa vidole, akafika Juni, akatabasamu. Pale pale nikajiambia kwamba nimeshinda ule ubishi wa chai. Huruma na sheria zimekaa bakuli moja, na mpishi ni mtu wa Ukambani.

Ndipo yule mama wa benchi la mbele akasimama. Askari akamwashiria aketi, asiketi. Hakuwa amewahi kusema neno katika mahakama ile. Hakuna aliyejua kama pombe iliyompofusha mwanawe ilitoka kwa bibi huyu au kwa mwingine, na yeye hakudai kujua.

"Nyara," akaniambia mimi, kwa Kijaluo, huku mkono wake ukiwa begani kwa mwanawe, "muulize hakimu. Mahindi ameyahesabia. Macho ya mtoto wangu yatakomaa mwezi gani?"

Hakimu hakujua Kijaluo. Alikuwa ananingojea, kalamu mkononi. Bibi kizimbani alikuwa ameinamisha kichwa, tabasamu limemtoka. Ningeweza kusema mama anauliza tu kama kesi imekwisha. Wakalimani hufanya hivyo. Nilimtafsiria neno kwa neno.

Hakimu akaweka kalamu chini, kama afanyavyo mvua ikinyesha, ila nje kulikuwa na jua.

"Mwambie sijui," akasema.

Nikamwambia. Mama akaitikia kwa kichwa, akamshika mwanawe mkono, akamwongoza hadi mlangoni, akimwambia kila hatua ilipo.