Kilomita Mia Tatu Zilizopotea Angani

Mume wangu ni dereva wa basi la masafa marefu, na abiria wamembandika jina la Honi, kwa sababu hampiti mwenye baiskeli wala mbuzi bila kumsalimia kwa honi. Kutoka mji wetu hadi mji anakoishi binti yetu mkubwa ni kilomita mia tisa, mchana kutwa na kipande kizuri cha usiku. Honi anaijua njia hiyo kona kwa kona, shimo kwa shimo. Watoto wetu wote watatu wamezaliwa yeye akiwa hukohuko njiani. Sikuwahi kumlaumu, maana usukani ndio uliotulisha, lakini najua inavyomuuma. Huyo binti mkubwa alimkuta ana siku mbili, kashavishwa na soksi.

Kwa hiyo mkwe wetu alipopiga simu asubuhi, "Mama, uchungu umeanza, tuko hospitali," Honi alikuwa kashavaa viatu.

"Twende stendi!"

"Twende na basi, tumkute mjukuu kashaota meno?" nikamwambia. "Leo tunapanda ndege, baba watoto."

Alinuna. Kwake kupanda ndege kwenda mji ule ilikuwa kama kwenda kula kwa jirani huku chungu chako kiko jikoni. Lakini safari hii hakutaka kusimuliwa, alitaka awepo. Akameza kiburi chake, tukaenda.

Pale uwanjani aliinama kukagua matairi ya ndege mpaka akafukuzwa. Tulipokuwa tunapaa, kijasho chembamba kilimtoka, na mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga breki isiyokuwepo. Nikajifanya sioni. Kisha rubani akatangaza: umbali kilomita mia sita, muda wa safari saa moja.

"Dada," Honi akamwita mhudumu, "hebu kamwambie dereva amekosea. Njia hii ni mia tisa."

"Sisi hatuzunguki milima, baba. Tunanyoosha tu."

"Sasa mia tatu zangu zimekwenda wapi?"

Ndege nzima ikaangua kicheko. Mimi nilitamani kujificha chini ya kiti, na hapohapo mbavu sina. Honi akageukia dirishani. Kule chini barabara yake ilikuwa inazunguka mlima, inarudi, inazunguka tena.

"Kumbe nimezunguka hivi miaka yote," akasema taratibu. Kisha akaomba juisi nyingine, maadamu hailipiwi.

Hospitali tulimkuta mkwe amesimama nje ya chumba cha kujifungulia, anatafuna kucha.

"Bado," akasema.

Honi aliposikia hiyo bado alimkumbatia kijana wa watu nusura amvunje. Halafu akakaa, akasimama, akakaa tena. Roho yangu nayo ilikuwa juu juu, kwa binti yangu na kwa huyu mzee wangu.

Ndipo tukasikia kilio kutoka ndani, chembamba kwanza, kisha kikapanda. Honi alinikamata mkono. Machozi yalimtiririka hadharani na meno yote nje, na mimi sijawahi kumwona na furaha kama ile.

"Mama watoto," akaniuliza, "na wetu walilia hivi?"

"Wote watatu."

Akanivuta tukae kwenye benchi, akaniomba nimsimulie, nianze na wa kwanza.