Kabichi za Mademoiselle Directrice

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Baba yangu, fundi cherehani aliyetoka Kasongo kuja kutafuta wateja Kisangani, alikuwa amenishonea gauni lenye kola, nami niliona aibu kulivaa na viatu vya kila siku. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya masista, Kifaransa ninakijua na mwandiko wangu ni mzuri. Hayo ndiyo yaliyonipatia kazi ya monitrice, yaani mwalimu wa kike, katika foyer ya cité yetu, yaani mtaa wa Waafrika mjini. Foyer ilikuwa nyumba ambamo wanawake walioolewa walikuja mara tatu kwa juma kujifunza kushona, kupika na kutunza nyumba.

Mkubwa wetu tulimwita Mademoiselle Directrice. Alikuwa Mbelgiji mrefu, mwembamba, aliyepanda baiskeli akiwa na kofia pana kama ungo. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Aliniangalia usoni, akaviangalia viatu, akasema:

"Mwalimu wa kushona tunaye tayari. Wewe utafundisha bustani ya nyumbani. Umewahi kulima?"

"Nimesoma botania, Mademoiselle."

Botania ni elimu ya mimea ya vitabuni, kwa hiyo lilikuwa jibu la kweli, na mpaka leo silionei haya sana. Akanikabidhi kitabu kinene cha bustani kilichotoka Ulaya, daftari la ukaguzi, na arrosoir, ile ndoo ya kumwagilia yenye mdomo mrefu wa matundu. Akaniambia nitajaribiwa miezi sita, kisha ataamua kama ninabaki. Mvua ikaanza kunyesha nikiwa bado uani. Viatu havikuwa vyeupe tena tangu siku hiyo.

Wanafunzi wangu walikuwa wanawake ishirini na kitu, na wote walikuwa wamelima tangu utotoni. Mimi nilisimama mbele yao na kitabu. Somo la kwanza lilihusu majira manne. Nilisoma kwa sauti, nikitafsiri: mwezi wa tatu, baridi inapoondoka, andaa kitalu, yaani kipande kidogo cha udongo laini ambamo mbegu huoteshwa kabla miche haijahamishwa bustanini.

Mama mmoja wa nyuma akainua mkono. Aliitwa Mama Bolumbu, mke wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, mama wa watoto saba.

"Monitrice, hii baridi inaondoka, ilifikaka lini? Siye hatukuionaka."

Wenzake wakainamisha vichwa. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilijibu kwamba tutalizungumzia somo lijalo, na usiku huo nikamwomba Mungu somo lijalo apewe mwalimu mwingine.

Kazi ya pili ilikuwa ukaguzi. Kila Alhamisi nilipita nyumba kwa nyumba na daftari lenye safu za kujaza: kabichi, saladi, liki, karoti. Hapakuwa na safu ya lenga-lenga, ambayo wengine huita mchicha, wala ya matembele, wala ya ngai-ngai, yale majani machachu yanayopikwa na samaki. Vyote hivyo daftari liliviita magugu. Uani kwa Mama Bolumbu nilikuta magugu matupu, yamestawi mpaka mlangoni mwa jiko. Niliandika sifuri katika kila safu.

Mademoiselle Directrice alilisoma daftari lote. Ndipo akaniambia habari mbili. Ya kwanza, baada ya miezi minne Bwana Agronome, mtaalamu wa kilimo wa mkoa, atakuja kukagua, na mwenye bustani bora atapewa cherehani mpya. Ya pili, ili kabichi zipate nafasi, magugu yang'olewe. Nianze na yule mama wa nyuma.

Nilimfikia Mama Bolumbu asubuhi, nikamweleza agizo. Hakubisha. Alinipa jembe.

"Ng'oa, binti yangu. Uwanja ndio huu."

Pigo la kwanza liliingia kwenye udongo. La pili liliingia kwenye arrosoir. La tatu lingeniingia mguuni kama asingeudaka mpini. Alinitazama mikono, akaigeuza viganja juu.

"Weye haukulimaka hata siku moja."

"Hapana, Mama."

"Na hii matembele ukiing'oa, jioni miye nitapika nini? Kitabu?"

Nilikaa chini kwenye tope, na gauni la baba, nikalia. Nilimwambia yote, kuhusu botania na miezi sita. Aliningoja nimalize, kisha akasema hakuna shida, kwanza tunywe chai. Pale jikoni tukakubaliana. Yeye atanifundisha kulima, kila siku kabla ya saa za foyer. Matembele yatahamia nyuma ya choo, na lenga-lenga kandokando ya ukuta, mahali ambapo mkaguzi hatupi jicho. Mbele tutapanda kabichi. Mkaguzi, bila shaka, nilikuwa mimi.

Yale aliyonifundisha ndiyo niliyofundisha miaka thelathini na zaidi iliyofuata, kwa hiyo wenye nyumba changa wasikilize. Kwetu hakuna baridi na hakuna kiangazi cha kutisha. Kuna miezi ya mvua nyingi na miezi ya mvua kidogo. Katika mvua kubwa ya mwezi wa tatu na wa nne, na ile ya mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, adui ni maji. Inua tuta mpaka magotini, chimba mfereji pembeni, la sivyo mizizi itaoza. Kitalu kijengee paa dogo la makuti ya mchikichi, maana tone la mvua yetu huvunja mche kama ngumi. Mvua inapopungua, mwishoni mwa mwaka na tena katikati ya mwaka, tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usikimbie, na maji ya kuoshea mboga yapeleke kwenye tuta. Lenga-lenga usiing'oe. Kata juu, nayo itachipua tena. Watoto wape tuta lao wenyewe, hata kama ni upana wa mkeka, maana hawatang'oa walichokipanda wenyewe.

Kabichi zilikubali kila kitu isipokuwa kuwa kabichi. Zilirefuka. Ziliota majani makubwa, ya kijani kibichi, yaliyotazama angani. Za Mama Bolumbu zilinifikia kiunoni. Kichwa, ile sehemu ya majani yaliyofumbatana ambayo ndiyo kabichi yenyewe, hakikuonekana katika uwanja wowote wa cité.

Ziara ilipobaki juma moja, nilikesha na kitabu. Katika ukurasa mmoja nikakuta kwamba bustani za Ulaya huyafunga majani ya chikori, mboga ya huko, kwa uzi ili moyo wake uwe mweupe. Kwamba hiyo ni chikori, si kabichi, nilisoma vizuri sana. Kesho yake nikawafundisha wanawake kufunga kabichi.

"Kitabu kinasema hivi?" akauliza Mama Bolumbu.

"Kitabu kinasema kufunga."

"Bon. Tutafunga."

Walifunga kwa nyuzi za rafia, kwa ustadi wa watu wanaosuka nywele tangu utotoni. Kufikia siku ya ziara, cité nzima ilikuwa na kabichi za mviringo kama mipira.

Bwana Agronome alikuwa mtu mdogo, mkimya, mwenye kisu cha mfukoni alichochimbia udongo na kuunusa. Mademoiselle Directrice alitembea kando yake, shingo imenyooka. Wanawake walisimama mbele ya foyer, kwenye bustani yetu ya mfano, katika vitenge vyao vya Jumapili. Bwana Agronome aliinama juu ya kabichi ya kwanza. Akaibonyeza kwa kidole. Akaibonyeza tena. Akaupitisha ulimi wa kisu chini ya jani, taratibu, na uzi ukakatika.

Kabichi ilifunguka yote kwa mara moja, kama mwavuli.

"Nani amefunga hii?"

Wanawake wote walitazama vidole vya miguu. Niliwaona, nikamwona Mama Bolumbu anaanza kuinua mkono ili abebe mzigo ambao si wake. Nikasogea mbele.

"Ni mimi, Bwana. Niliwaambia wafunge. Sikuwa najua kulima nilipoajiriwa, na kabichi hazikutoa vichwa, nami niliogopa kufukuzwa."

Bwana Agronome alikuwa anatazama juu ya bega langu, kwenye uzio wa nyumba ya Directrice, ambako palikuwa na mstari wa kabichi sita nzuri sana.

"Na zile?"

"Zile ni za nyumbani kwangu," alisema Mademoiselle Directrice. "Hazimo kwenye ukaguzi."

Lakini Bwana Agronome alikwisha kuruka uzio. Akainama. Akainuka na kipande cha uzi wa sufu wa buluu, ule tuliofumia kofia za watoto darasani.

Nilimtazama mkubwa wangu. Uso ulikuwa mwekundu mpaka ndani ya kofia.

"Miaka mitatu," alisema, kwa sauti ndogo. "Miaka mitatu hazijafunga kichwa hata kimoja. Nilidhani mkono wangu ni mbaya."

"Mademoiselle," alisema Bwana Agronome, "kwenye milima ya Kivu zinafunga. Hapa joto halipungui. Sijaona kichwa cha kabichi hapa tangu nifike."

"Kwa nini basi ofisi yako inatuletea mbegu zake?"

"Kwa sababu unaziomba katika kila barua."

"Ninaziomba kwa sababu daftari lenu lina safu yake."

Nyuma yangu nikamsikia Mama Bolumbu akiwatafsiria wenzake, ingawa Kifaransa alikuwa hajui. Alikuwa amezielewa nyuso. Kicheko kilianzia kwake kikazunguka, kikamfikia Bwana Agronome, na mwisho Mademoiselle Directrice akavua kofia akaketi kwenye ukingo wa tuta, akicheka huku akijipangusa macho.

Alasiri ile walikwenda kuona wanawake wanakula nini hasa. Nyuma ya choo cha Mama Bolumbu Bwana Agronome alikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Cherehani ilikwenda kwa Mama Bolumbu. Yeye hakuwa na subira ya kushona. Mumewe, mvuvi, ndiye aliyejifunza kwanza, na baba yangu ndiye aliyemfundisha. Mapazia ya mtaa ule yalishonwa na mikono iliyozoea nyavu, na ukweli ni kwamba mishono yake ilishika sana.

Kuhusu mimi, Mademoiselle Directrice aliniita ofisini siku ya pili. Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wangu. Alikuwa na daftari jipya na rula.

"Nipigie safu upya," alisema. "Hilo jani chachu linaandikwaje?"

Nilibaki. Baadaye nilihamishiwa Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako nilivuka kila asubuhi kwa pirogi, mtumbwi wa gogo, nikiwa nimekumbatia miche, na mkubwa wangu, Bwana Mkuu wa Kituo, aliogopa maji kiasi kwamba hakuwahi kunikagua. Halafu Yanonge, miaka mingi, ambako wake wa wavuvi walinifundisha kulisha tuta mabaki ya samaki, na paka wote wa kijiji wakanijua kwa jina. Wakubwa walibadilika, bendera zilibadilika, na mvua zikaendelea kuja kwa zamu zilezile.

Nilipostaafu nilirudi Kisangani, nikapanga nyumba yenye ua mdogo. Majirani zangu ni vijana waliooana karibuni. Miezi michache iliyopita mume alikuja akaniuliza, kwa adabu nyingi, ni majira gani mazuri kwa mtu anayeanza. Nilimwambia majira mazuri ni juma hili, tuta moja, karibu na mlango wa jiko, lenga-lenga peke yake. Baada ya majuma machache alirudi na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na vijiti vya lenga-lenga virefu kama vidole, vumbi bado liko juu yake.

"Mama, hii njo mboga ya kwanza. Mupike sasa, miye ninangoja."

Nilipika. Naye alisimama mlangoni akinitazama kila tonge. Mboga ilikuwa na mchanga, na majani yalikuwa machache kuliko mchanga. Nilimaliza sahani yote, nikapangusa mdomo, nikamwambia ni tamu sana, na safari ijayo aioshe mara tatu.