Zamu ya Nyumba Yangu

Mtaani kwetu Mabanga nyumba ni za mbao, zimebanana, na vichochoro vyake ni vyembamba hata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea magunia, hupita kwa matusi. Kwa hiyo moto ukiwaka, gari la zimamoto huishia barabara kubwa. Wazimamoto hushuka na mipira yao, na hapo ndipo sisi wa kujitolea tunapoingia kazini. Vijana hupokezana bidoni za maji, akina mama hukusanya watoto na kupika chai, nami, kwa kuwa Mungu alinijalia sauti ya kuuzia samaki, nilipewa kazi ya kusema nyumba ipi ivunjwe.

Ndiyo, ivunjwe. Moto wa mbao hauzimwi kwa maji peke yake, lazima unyimwe chakula. Tunachagua nyumba iliyo mbele yake, tunang'oa mabati na mbao na kuzibeba mbali, moto ukifika unakuta mawe meusi ya volkano tu. Kesho yake mtaa mzima unakuja kuijenga upya, bure. Ninajivunia sana mpango huo. Mwenye nyumba akianza kulia, mimi humwambia, "Mama, mbao zitarudia. Toa sufuria." Sikuwa na subira na wenye kulia.

Basi mchana mmoja wa kiangazi jiko la makaa lilipinduka nyumba ya pili kutoka kwangu. Wenyewe walitoka salama, lakini upepo wa ziwani uliusukuma moto kwenye safu yetu. Mkuu wa wazimamoto akanigeukia. "Mama, tukatie wapi?"

Nikatazama. Nyumba ya katikati ilikuwa imeshashika moto. Iliyofuata ni yangu. Baada ya yangu, nyumba za majirani zimegusana mpaka mwisho wa safu, na katika ya kwanza alikuwamo mzee aliyepooza miguu, binti zake wakihangaika kumtoa kitandani.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nyumba ile mimi na mume wangu, dereva wa lori, tuliijenga ubao kwa ubao baada ya kupanga chumba mtaa wa Murara miaka mingi.

Kijana mmoja wa kwetu akasema taratibu, "Mama, ni ya kwako njo iko mbele. Tufanye namna gani?"

Nililia mbele za watu, tena kwa sauti ile ile ya samaki. Kisha nikawafokea: "Muangushe! Muko naangalia nini?"

Waliivunja kwa kasi ya kuudhi kidogo. Wale waliokula ugali kwangu juzi ndio waliotangulia kupanda juu ya paa. Moto ulifika, ukakosa cha kula, wazimamoto wakaumalizia kwa maji. Mzee alikuwa ameshatolewa, ameketi kando ya barabara, analalamika kwamba chai haina sukari. Nilimpenda sana saa ile.

Kesho yake nilikwenda kutafuta misumari. Niliporudi, kuta zote zilikuwa zimesimama, na mlango ulikuwa upande usio wake. Waliojenga ni majirani wa ile safu iliyopona, ambao siku zote hunijia kwa nyuma, kupitia jikoni, kwa hiyo ukuta wa mlango waliusimamisha kuelekea kwao. Nilifoka mpaka pumzi zikaniishia.

"Lakini mama," mmoja akajitetea, nyundo mkononi, "si tunaingiaka huku?"

Mume wangu aliporudi safari aliizunguka nyumba yake kama mwizi akitafuta pa kuingilia, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikawaambia vijana warudi Jumamosi kuugeuza mlango.

Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango ule nikiwa bado na hasira. Safu yote ilikuwa mbele yangu: moshi wa majiko, watoto wanasukutua meno, na mzee ameketi juani huku binti yake akimnyoa ndevu. Kwa mlango wa zamani nilikuwa nikitazama ukuta wa choo cha watu.

"Papa, muko?" nikamsalimu.

Akainua mkono, povu la sabuni bado shavuni. "Tuko, mama. Siye bote tuko."

Jumamosi vijana walikuja na nyundo zao. Niliwapa chai, wakaenda.